Bega la Kitwana

"Mchezo wako mtamu, dada Mwanaidi, ila una uongo," alisema Yusto, aliyepewa kazi ya kuujaribu kabla haujatolewa. Akamwonyesha kwenye kompyuta timu ya kriketi aliyokuwa akiisimamia. "Wengine wote wanaumia, wanazeeka, wanastaafu. Huyu Kitwana anarusha mpira msimu wa kumi na tisa huu, bega halijamuuma hata siku moja. Nani atakubali? Ni hitilafu, sivyo?"

Mwanaidi alilitazama jina lile kwenye kompyuta. Kitwana alikuwa kaka yake, na walimzika akiwa na miaka ishirini na minne. Ni yeye Mwanaidi aliyeandika ndani ya programu mstari mmoja wa kumkinga, uzee na uchovu visimguse. Hata ile tabia yake ya kuupangusa mpira kwenye suruali mara tatu kabla ya kukimbia, alimwekea.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Hitilafu."

Akaufuta ule mstari, akaanzisha mechi. Kompyuta ikamdai Kitwana miaka yake yote kwa mkupuo: bega, goti, pumzi. Jina lake likatoka kwenye orodha.

"Hapo sasa!" Yusto akapiga makofi. "Ndiyo maisha yenyewe."

Uwanjani wachezaji kumi waliobaki walikuwa wamesimama, kila mmoja mahali pake, wakitazama upande anakotokea mrushaji. Mpira ulikuwa kwenye nyasi, na hakuna wa kuupangusa.