Pete Chini ya Nati

Siku hizi marehemu hubaki kwenye betri za nyumba yake, akizungumza na watu wake, mradi umeme usikatike hata sekunde moja. Ukikatika, ndiyo basi, harudi tena. Elinami, aliyekuwa fundi sola pale Same, alikuwa na mwaka wa pili kwenye betri alizozifunga mwenyewe sebuleni.

Asubuhi hiyo mjane wake, Nakiete, alisikia harufu ya plastiki inayoungua. Akamwita Mbazi, aliyejifunza kazi kwa Elinami.

"Mama, chini ya nati hii ya betri kuna kitu," Mbazi alisema. "Nati haiubani waya, ndiyo maana panachemka."

"Ni pete yake ya ndoa. Nilitaka aivae."

Mbazi akachukua spana.

"Wewe kaza tu," Nakiete alimwomba. "Usizime."

"Waya umeshaungua, mama. Lazima niuvue, niukwangue."

Sauti ya Elinami ikatoka ukutani, ya upole kama kawaida. "Mbazi, nilikufundisha nini? Zima kwanza." Halafu akamwambia mkewe, "Mama Namsifu, joto nililisikia tangu siku ile ulipoiweka. Nilinyamaza, maana nilipenda kuivaa. Lakini nyumba itaungua nawe ukiwa ndani."

Mbazi alimtazama Nakiete mpaka naye akaitikia kwa kichwa. Akazima. Akakwangua, akakaza, akawasha.

Friji ikaanza kunguruma. Taa ziliwaka vizuri kuliko mwaka mzima uliopita.

Nakiete akapewa pete. Ilikuwa bado na joto. Akaifumbata kiganjani mpaka ikapoa.