Picha ya Ukutani kwa Kataliko

Octave alivuta pazia la studio, akawasikiliza wakibisha hodi. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko, na hii haikuwa mara yao ya kwanza kuja. Alisimama nyuma ya mlango kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, hata pumzi akaibana, mpaka sauti zao zilipopotea barabarani.

Alijua walichofuata. Walifuata ile picha.

Aliipiga mwaka uliopita kwenye maporomoko. Mvuvi Apollinaire amesimama juu ya miti iliyosimikwa katikati ya mawe, mtego mkubwa begani, maji yanachemka chini yake na jua la asubuhi limemwangukia usoni. Octave alimrudisha juu ya miti ile tena na tena mpaka mwanga ukakubali. Mzee hakulalamika. Aliposhuka, ametota mwili mzima, alicheka tu akauliza, "Utaniletea moja?"

"Nitakuletea, papa." Alilisema hilo kama watu wanavyosema tutaonana.

Kisha Kataliko, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyefungua hoteli katikati ya mji, akaitaka picha ile iwe kubwa, ijaze ukuta wa mapokezi. Aliposikia bei alishika kichwa.

"Kubonyeza kidole tu, Octave?"

"Papa, haulipi kidole," Octave alimjibu, akamfungulia hesabu yake yote. Kamera imetoka Dubai. Lenzi moja inakula bei ya pikipiki. Umeme unakatika kila siku, donc jenereta inakunywa mafuta. Wino na karatasi vinapanda ndege toka Kinshasa. Halafu kuna miaka aliyoharibu picha mpaka akajua kutoziharibu. Kataliko, mtu anayejua uchungu wa nauli ya mzigo, alisikiliza mpaka mwisho, akalipa. Katika mazungumzo yale yote, hakuna kati yao aliyemtaja mtu wa kwenye picha.

Zilikuwa fedha tamu. Octave alinunua friji, akampelekea mke wake Emilie. Emilie aliifungua, akaifunga, akauliza, "Na ule papa wa picha, ulimupa nini?"

Tangu siku hiyo maji baridi ya friji ile hayakumshuka Octave vizuri. Siku moja alikwenda hadi ukingo wa mto akiwa na nia ya kumwona mzee. Alitazama miti ya mitego kutoka mbali, hakumwona Apollinaire, akageuka upesi kurudi mjini, na aibu yake ni kwamba alirudi amefurahi.

Halafu Gracia, binti wa Wagenia anayefanya usafi pale hotelini, aliinua macho akamtambua mtu wa ukutani. Aliuliza picha ile ililipiwa ngapi, akaambiwa. Jioni ile ile habari ikafika kwenye maporomoko. Ndipo hawa wawili wakaanza kuja, na Octave akaanza kujificha.

Jumatatu walimkamata, funguo mkononi, kabla hajaingia. Walikuwa wamevaa vizuri, kama watu wanaokwenda mbele ya hakimu. Mwanamume alisema yeye ni Hubert, mdogo wake Apollinaire. Mwanamke, kitambaa cheusi kichwani, ni Orpha, mke wa Apollinaire.

"Tumekutafuta sana, papa photographe," Hubert alisema kwa upole. "Ile picha, ungali nayo?"

"Iko."

"Haikufutika?"

Wanatafuta ushahidi, Octave aliwaza. "Hapana. Mwenyewe amewatuma?"

"Mwenyewe hawezi kuja."

Bila shaka hawezi. Amekasirika, na ana haki ya kukasirika. Octave aliwaingiza ndani, akawapa viti. Neno lililokuwa kooni mwake lilikuwa pole. Lakini mdomo una woga wake, na wake ulikimbilia njia unayoijua. Akaanza: kamera ya Dubai, lenzi, mafuta ya jenereta, wino wa Kinshasa. Alisema haraka, bila kuwatazama, akiwaonyesha kila kitu kilichokula fedha zile, ili waone kwamba hakuna kilichobaki cha kugawana.

Hubert alikuwa akiitikia kwa kichwa, "Eh, tunaelewa." Orpha alitazama sakafu.

Katikati ya sentensi Octave alijisikia mwenyewe. Alitaja kila kitu mpaka karatasi, na kwa mara ya pili hakumtaja mtu aliyesimama juu ya maji. Alivuta kiti akaketi mbele yao, mikono juu ya magoti.

"Mama, nisamehe," alisema. "Papa Apollinaire ana haki yake. Sema tu. Munataka ngapi?"

Orpha na Hubert walitazamana, kana kwamba hawakulielewa swali.

"Hapana, sisi njo tunakuletea fedha," Orpha alisema.

Alifungua fundo kwenye ncha ya kitenge chake, akaweka mezani noti za faranga zilizokunjwakunjwa, nyingine zingali zinanuka samaki. Alizinyoosha moja moja kwa kiganja.

"Tulimuzika bwana yangu bila picha, na mutoto wa mwisho ameanza kusahau sura ya papa yake. Watu wa kwetu wote wamechanga. Bon, bei tumeisikia." Alizisukuma noti kuelekea kwa Octave. "Kama bei ya picha yote iko nguvu sana, utukatie uso tu."