Nyayo Mlangoni

Wageni walipokuja kuandikisha kaya za kupewa fedha za bure, Ngolo aliwatimua. "Pesa isiyotoka jasho ni ya mashetani," alimwambia mkewe, kisha akazifagia nyayo zao hadi barabarani, mkosi usibaki.

Sasa mvua ilikuwa ikivuma juu ya mabati mapya ambayo jirani yao Mbodze aliyanunua kwa fedha zile, naye Ngolo akisukuma maji nje kwa ufagio uleule. Makuti ya paa lake yalikuwa yameoza.

"Shemeji, waache watoto waje walale huku!" Mbodze aliita. "Kwangu hakuvuji!"

Mke wa Ngolo akawafunika wanawe kanga, akatoka nao. Ngolo alitaka kusema amekosea. Akabaki mlangoni na ufagio wake, akitazama nyayo ndogo zikijaa maji.