Hirizi Ndani ya Besi

Makwaia alilinunua lile gitaa la besi kwa bei ya kutupa, akilini akiwaza kulibadilisha nyaya. Alipofungua kifuniko cha nyuma alikuta hirizi ya kitambaa cheusi, imegandishwa kwa nta. Akaibandua.

"Irudishe, Baba Shija," mkewe alisema mlangoni. "Yule aliyekuuzia alificha mkono wa kushoto mfukoni muda wote. Hukuona?"

"Wapiga muziki wote wana hirizi zao."

Akafunga nyaya mpya, akachomeka spika. Sauti ilitoka nzito, tamu, vikombe vikatetemeka kabatini. Makwaia alicheka, kisha akatazama vidole vyake vya kushoto vikitembea kwenye nyuzi kama vya mtu mwingine.

Akaacha kupiga. Mkewe alikuwa ameshatoka mlangoni, amesimama ubavuni mwake.

"Hebu nishike mkono huu wa kushoto, nione kama nitahisi," alinong'ona.

"Nimeushika kitambo," alisema mkewe.