Bwana Mdogo Hayupo

Mama alikuwa amezamisha mkono hadi kwapani ndani ya pipa la maji, akipapasa chini huku akiomba vidole vyake visiguse kitu. Havikugusa kitu. Akashusha pumzi, kisha akapapasa tena, maana siku hiyo hata mkono wake mwenyewe hakuuamini.

"Hayumo," alijiambia. "Mungu wangu, hayumo."

Lakini kama hayumo kwenye pipa, yuko wapi?

Alirudi chumbani mbio. Godoro dogo lilikuwa palepale sakafuni, kando ya cherehani, na shuka limebonyea pale kichwa kilipokuwa. Alikumbuka kumlaza hapo Bwana Mdogo baada ya kumnyonyesha. Alikumbuka akilia tena. Baada ya hapo alichokumbuka ni sare za shule zilizotakiwa jioni, kola moja iliyokataa kunyooka, na macho yakijifunga yenyewe. Alipozinduka, shavu lake lilikuwa juu ya kitambaa na godoro lilikuwa tupu.

Wiki nzima mtoto alikuwa akiota meno, na wiki nzima mama ndiye aliyekesha. Baba wa watoto, dereva wa lori, alikuwa safarini. Jana tu alimwambia kwenye simu, "Wewe una raha bwana, unashinda nyumbani tu." Laiti angekuwapo aione hiyo raha.

Bi Mkubwa alisimama mlangoni mwa chumba akitafuna mkate. Alikuwa na miaka minne. Jina hilo alibandikwa siku mdogo wake alipozaliwa, naye akalipokea pamoja na wivu wake wote.

"Mdogo wako yuko wapi?"

Msichana akacheka. "Yupo!"

"Yupo wapi?"

"Amelala."

"Amelala wapi, mwanangu? Nionyeshe."

Bi Mkubwa akaziba macho kwa viganja, akachungulia kati ya vidole. "Tafuta tena!"

Mama hakuwa na muda wa michezo. Alifungua kabati, akatupa nguo zote nje. Akamwaga kapu la nguo chafu, akamwaga gunia la vipande vya vitambaa. Alitaka kuingia uvunguni mwa kitanda, hakuenea, akaishia kupiga magoti na kumulika kwa simu. Aliona viatu, ndoo iliyopasuka na mdoli asiye na mkono. Jasho lilimtiririka mgongoni. Kifua kilimbana, hata pumzi ikawa ya kuvutwa kwa shida. Mtoto mwenyewe ndiyo kwanza ameanza kutambaa, na akitambaa utadhani anafukuzwa na polisi. Huenda ameokota kifungo. Huenda kimemkaba na sasa amenyamaza mahali, anamsubiri mama yake.

"Hapo, mama!" Bi Mkubwa alikuwa nyuma yake, amenyoosha kidole. "Hapo hapo!"

Mama akageuka haraka. Mbele yake palikuwa na ukuta mtupu.

Msichana alicheka mpaka akakaa chini, na kicheko hicho kikamchoma mama kuliko kitu chochote. Juzi tu mtoto huyu alisema, "Tumrudishe hospitali, analia sana," na nyumba nzima ikaangua kicheko. Sasa maneno yale yalimrudia mama, na hayakumchekesha hata kidogo. Akamkamata mabega.

"Umempeleka wapi mtoto wangu?"

Bi Mkubwa akaacha kucheka. "Kwani hujui?"

"Sijui! Sema!"

Mkono wa mama ulikuwa umeshanyanyuka. Msichana aliutazama mkono ule, midomo ikaanza kumtetemeka.

"Na mimi ni mtoto wako," alisema.

Mkono ukashuka wenyewe. Mama aliona aibu, akatamani kumkumbatia na kumwomba radhi, ila kwa juu ya kichwa cha binti yake aliona kitu kilichomkata maini. Mlango wa mbele ulikuwa wazi kidogo, kiasi cha kumpitisha mtoto anayetambaa. Nje kulikuwa na barabara, na barabarani yalipita malori kama lile la baba yao, ambayo dereva wake huona mbali lakini haoni kilicho chini ya bampa.

Alitoka peku, analia kwa sauti. "Mtoto wangu! Jamani, mtoto wangu!"

Ng'ambo ya barabara, fundi viatu alikuwa ameegemea ukuta, anagonga soli. Tangu asubuhi hakuondoka pale. Kama kuna mtu aliyeona chochote, ni yeye. Mama alivuka bila kutazama kushoto wala kulia, honi zikimpigia.

"Fundi, hujaona mtoto akitoka? Anatambaa, ana fulana ya njano! Ametokea pale, mlango ule pale!" Akageuka kumwonyesha.

Nyundo ya fundi ikabaki hewani. Hakuinuka wala hakutazama mlango.

"Kwani, mama, una watoto wangapi?"

"Wawili tu! Yule anayelia mlangoni na mdogo wake. Nisaidie, fundi, nakufa mie!"

"Wawili tu?" Fundi alikuna kidevu. "Basi mbona nawaona wote?"

Nyuma ya shingo ya mama, ndani ya mbeleko, mtu akapiga chafya.