Uzi wa Mshumaa wa Askofu

Katika mji mmoja, kila mgonjwa alipimwa kwa uzi toka utosini hadi kisiginoni, na uzi huo ukawa utambi wa mshumaa wa kuwashwa kwenye kaburi la Askofu Volkwin, aliyewauguza wakoma kwa mikono yake. Irmgard alileta uzi wa bintiye, aliyekuwa na homa kwa siku ya tisa sasa.

Mzee Wendel, mtengeneza mishumaa, akaunyoosha mezani. “Mama, huu si wa kitoto kichanga? Askofu atatucheka.”

“Ana miaka saba. Amejikunja kwa maumivu, sikuthubutu kumnyoosha.”

“Basi tumwombee akiwa amesimama. Anakufika wapi?”

Irmgard akaweka kiganja hewani, usawa wa kiuno. Wendel akapiga magoti, akapima kutoka sakafuni, akakata uzi mpya. Irmgard hakuushusha mkono.