Shingo ya Shaba

Alikuwako Pundamilia aliyeringia sana mistari yake. Fundi Nyani alipomfunulia sanamu yake ya shaba, laini kama kipande cha sabuni, nusura alie.

"Mistari yangu iko wapi, fundi? Nani atanijua?"

"Simama nyuma ya mlango, bibi, usikie mwenyewe."

Wakaingia Ngiri na mkewe.

"Mama Watoto, huyu si jirani yetu?"

"Ndiye hasa. Itazame shingo. Ndivyo anavyoivuta dirishani kwetu tukigombana."

"Maskini. Ndiyo maana mimi hupaza sauti, asije akateguka."

Kule nyuma ya mlango, Pundamilia alijikuta ameivuta shingo vilevile. Akairudisha polepole, uso ukimwaka, na mistari yote ile isitoshe kuuficha.